Jaji Aliyesimamishwa Mara Mbili

Nyote mulionishika mkono njiani wiki nzima mukiniuliza, "Ni nani yule nyuma ya pazia?", haya, tulieni. Nasema.

Alikuwa Wakili Dishon.

Naam, Dishon huyo huyo! Mtu aliyeandika malalamiko yaliyomsimamisha kazi Jaji Mejumaa Kiti ndiye aliyekuwa ameketi juu ya robota la kanga, ndani ya duka la Lamis, Biashara Street, kikombe cha kahawa mkononi, ametulia kama mkwe aliyekuja kuposa.

Jaji alilishikilia pazia kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia bado ulikuwa na ile kanga: uso wake yeye mwenyewe, umechapwa katikati ya nguo, unacheka meno yote nje. Chini ya uso, jina la kanga kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara:

MUMEMSIMAMISHA KAZI, SISI TWAMSIMAMISHA KURA.

"Wewe!" Jaji akasema.

Dishon akainuka ghafla. Kahawa ikammwagikia suruali.

"Mheshimiwa, naomba unisikilize kabla hujahukumu."

"Kuhukumu? Kazi ya kuhukumu si umeninyang'anya wewe?"

"Mukitaka kupigana, tokeni nje," Lamis akaingilia kati, akivuta robota pembeni. "Kanga ikiingia kahawa haitoki. Na wewe wakili, nilikwambia ukae kitini, si juu ya mali ya watu."

Lamis ndiye mwenye duka, na ni shoga wa Jaji tangu wakiwa wasichana wa shule. Hakuna mtu mwingine mjini anayeweza kumkatiza Jaji Mejumaa maneno akabaki salama.

Aliyejiunga nasi leo asione taabu, kisa chenyewe hakina mafumbo. Tingatinga la kampuni moja lilikuja Mwembe Tayari kubomoa vibanda vya wachuuzi. Jaji Mejumaa alikuwa akipita kwa gari. Akashuka, akaitandika karatasi juu ya boneti, akaandika amri ya kuzuia ubomoaji hapo hapo juani, akampa dereva wa tingatinga mkononi. Vibanda vikapona. Wachuuzi wakambeba juu juu. Mawakili nao wakauliza: tangu lini mahakama ikakaa juu ya boneti? Likaundwa jopo la kumchunguza, naye akaambiwa akae nyumbani kwake Bondeni angoje.

Kesho asubuhi jopo linaanza kusikiliza. Na leo, ofisi zikifungwa, ndiyo mwisho wa mtumishi yeyote wa umma kujiuzulu akitaka kugombea. Chama cha Nanga chamtaka Jaji awe gavana. Mji mzima hauna jingine la kuzungumza. Atajiuzulu, hajiuzulu?

Na sasa kanga.

"Nani kaziagiza?" Jaji akauliza.

"Mteja wangu," akasema Dishon. "Bwana Kenneth."

"Kenneth wa tingatinga?"

"Huyo, mwenye kampuni. Aliniomba nipitie hapa nimtazamie kanga za harusi ya mpwa wake kama zimefika. Nikafungua robota. Nikakukuta wewe, unanicheka."

Jaji akamgeukia Lamis. "Nawe uliuona uso wangu ukiingia dukani mwako, ukanyamaza?"

"Mimi niliona wapi? Zilikuja zimefungwa, zimelipiwa kiwandani, za kupitishwa tu. Asubuhi ndipo nikachungulia. Ndiyo nikakuita uje!"

"Mtu anataka nifukuzwe kazi. Kwa nini anichapie kanga za kunisifu?"

Dishon akaielekezea kidole ile kanga. Jaji Mejumaa ana kasoro zake, lakini uzito wa kuelewa si mojawapo. Aliitazama ile kanga, akamtazama wakili, kisha akaketi juu ya robota lile lile alilokatazwa mwenzake.

"Ah," akasema. "Mimi bado ni jaji. Uso wangu ukionekana leo migongoni mwa wanawake wa mji mzima, kesho jopo litaambiwa nimefanya kampeni nikiwa na joho mwilini. Nimekwisha."

"Naam."

"Na nikijiuzulu leo ili nigombee?"

"Jopo linavunjika. Lakini kesi ya vibanda inaanza upya mbele ya jaji mwingine, na amri yako haina tena mwenye kuitetea. Bwana Kenneth amekwisha kuandaa maombi ya kuifuta. Tingatinga limetiwa mafuta."

"Kwa hivyo nikienda kulia, ameshinda. Nikienda kushoto, ameshinda."

"Ni mtu hodari," akasema Dishon kwa huzuni.

"Nawe wakili wake waniambia haya kwa nini?"

Dishon akanyoosha mgongo. Ni mtu wa Taita, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kusoma risala.

"Si wakili wake tena. Nimempigia simu nikajitoa. Malalamiko dhidi yako niliyaandika mimi kwa jina langu, na kesho nitasimama kuyatetea. Uliandika amri juu ya boneti, Mheshimiwa. Ulikosea, na nitalisema hilo mbele yako. Nataka kukushinda. Ila nataka kukushinda kwa sheria, si kwa kanga."

Kisha Jaji Mejumaa akacheka. Kile kicheko chake, msomaji, ambacho kikitoka mahakamani karani huficha uso. Akacheka mpaka akajipangusa macho kwa uso wake mwenyewe.

"Lamis, umesikia? Adui yangu ndiye mtu mwaminifu pekee niliyekutana naye mwaka huu!"

"Nami je?" Lamis akauliza.

"Wewe ni shoga yangu, huhesabiwi. Hizi kanga ziko wapi zote? Tuzifungie ndani mpaka kesho."

Lamis akaligusa lile robota kwa mguu. "Hizi ndizo zilizobaki. Nyingine zilipakiwa mkokoteni asubuhi. Ziko Mwembe Tayari. Arnold wa Nanga ana mkutano."

Kabla Jaji hajapata la kusema, nje kulilipuka vigelegele.

Walikimbilia mlangoni. Barabara imejaa wanawake, wanakuja kwa ngoma na mbinja, na kila mmoja amejifunga Jaji Mejumaa. Mejumaa begani. Mejumaa kichwani. Mbele kabisa mama mmoja mnene amejifunga Mejumaa kiunoni, na kila akitikisa, Jaji anakonyeza jicho.

"Mungu wangu," akasema Jaji. "Kumbe nacheza vizuri hivyo?"

"Ingia ndani!" Lamis akamvuta. "Wakikuona watakubeba!"

"Wacha nitoke niwaambie wavue."

"Uwaambie nini? Wavue nguo barabarani? Nshakwambia ingia!"

Lamis akavua buibui lake la kazini, akachukua na nikabu aliyoiweka kwa siku za vumbi, akamvisha shoga yake mbio mbio kama anayefunika chakula mvua ikinyesha. Yakabaki macho mawili tu, yanawaka.

"Nakwenda kwa Arnold," ikasema sauti ya Jaji kutoka ndani ya nguo. "Nitamnong'oneza sikioni azikusanye kimya kimya, atangaze kwamba mimi sijakubali kitu. Hakuna atakayenijua. Nitarudi kabla kahawa haijapoa."

"Kahawa ninayo mimi," akasema Dishon akiitazama suruali yake. "Nitakufuata kwa mbali. Pakiwa na lolote, nitakuwa shahidi kwamba ulikwenda kuzuia."

"Shahidi wa kunitetea au wa kuniangamiza?"

"Wa kweli, Mheshimiwa."

Wakatoka. Yeye mbele, mwendo wa haraka, katikati ya wanawake wanaomwimba. Wakili nyuma, akiwakwepa wauza maji. Mwanamke mmoja alimkanyaga Jaji kidole, akamwambia, "Angalia unapokwenda, mama, leo ni siku ya Jaji!" Naye akaomba radhi.

*

Mwembe Tayari ilikuwa imefurika. Mabasi ya bara yamezuiwa kutoka, na abiria wake wamepanda juu ya mizigo yao kutazama. Katikati pana lori lililofunguliwa ubavu likafanywa jukwaa, na juu yake Arnold, mkuu wa chama cha Nanga, kijana nadhifu mwenye koti la buluu na moyo mwepesi wa kuamini watu.

"Anakuja!" Arnold alikuwa akipaza sauti. "Wananchi, nahisi anakuja!"

Chini ya lori, mtu mmoja amebeba kamera begani. Dishon alimtambua mara moja. Mpiga picha wa Bwana Kenneth.

Jaji alikuwa akipenya kuelekea jukwaani alipodakwa mkono.

"Dada! Mbona uko mtupu?"

Alikuwa Everlyne, mwenye kibanda cha chai na mbaazi karibu na kituo cha mabasi. Mwanamke wa Bungoma aliyekaa pwani hata Kiswahili chake kikaota magamba ya samaki. Kabla Jaji hajafungua mdomo, Everlyne alikuwa amekwisha kumzungushia kanga na kuifunga fundo.

Jaji Mejumaa akawa amevaa Jaji Mejumaa.

"Sitaki," akasema kwa sauti ya kubana.

"Ni bure, vaa! Hivi humpendi jaji wetu?"

Hapo, msomaji, udhaifu wa binadamu ukaingia. Angeweza kukaa kimya. Badala yake akauliza, "Kwani ni mtu mzuri?"

"Mzuri? Ana maringo yule!" Everlyne akapiga kofi. "Alikula mbaazi kwangu akaniambia tui halijakolea. Mimi! Na anapenda kushangiliwa, jamani. Mpigie makofi mara moja, hashuki tena."

Macho ndani ya nikabu yakapepesa.

"Lakini," Everlyne akaendelea, na sauti yake ikashuka, "tingatinga lilisimama hapo hapo uliposimama wewe. Mimi nilikuwa nimelala chini ya meza yangu, nikasema wapite juu yangu. Waliotuomba kura wote walizima simu. Yeye akashuka. Mwache aringe."

"Na akiwa gavana, kibanda chako kitakuwaje?" akauliza Jaji.

"Kibanda kina amri ya mahakama."

"Akijiuzulu, amri inabaki yatima. Kesi inaanza upya, tingatinga linarudi."

Mikono ya Everlyne ikasimama juu ya lile fundo. "Nani kakwambia?"

"Wakili."

"Wakili gani?"

"Yule pale. Mwenye suruali iliyorowa."

Everlyne hakuaga. Alipasua umati, akamshika Dishon tai, akamvuta kama mbuzi wa Idi mpaka alipokuwa Jaji.

"Sema! Ni kweli jaji akijiuzulu kibanda changu kinakwenda?"

"Ni kweli, mama," akasema Dishon, amebanwa koo. "Na kanga hizi ni za Bwana Kenneth. Ni mtego."

Everlyne akaitazama kanga yake. Akaitazama ya jirani. Akatazama bahari ya nyuso zinazocheka.

"Basi jaji asilikanyage lile lori!" akasema. "Akipanda tumekwisha! Nani atamwambia? Nani anajua yuko wapi?"

"Tulia, Everlyne," ikasema sauti ndani ya nikabu, na sasa haikubanwa tena. "Nimekwisha kuambiwa. Na lile tui halikuwa limekolea."

Akainua nikabu kidogo tu, kumtuliza mwenzake.

Kosa!

"YESU WANGU!" Everlyne akapiga ukelele uliosikika Makupa. "NI YEYE!"

Msomaji, usimlaumu. Ulimi ulimtangulia. Watu waligeuka wote kwa pamoja. Vigelegele vikaruka kama kuku waliotishwa. Mikono kumi, ishirini, ikamshika Jaji. Nyayo zake zikaacha ardhi.

"Niwekeni chini! Nawaamuru!"

"Anaamuru! Anaamuru!" wakashangilia. "Gavana huyo!"

Everlyne akawa anavuta mguu mmoja kumrudisha, Dishon kanga, wote wawili wakaburutwa. Buibui likamvuka kichwani. Na hivyo ndivyo Jaji Mejumaa Kiti, aliyetoka Biashara Street ili asionekane, alivyotua juu ya lori mbele ya mji mzima, amejifunga uso wake mwenyewe kifuani, huku kamera ya Bwana Kenneth ikimlenga.

Arnold alikuwa na machozi ya furaha.

"Nilihisi! Wananchi, niliwaambia nahisi!" Akampa kipaza sauti, akamnong'oneza, "Neno moja tu, Mheshimiwa. 'Nakubali.' Gari liko tayari kukupeleka ukajiuzulu, ofisi bado ziko wazi."

Umati ukanyamaza kumsikiliza.

Nisiwadanganye. Alitaka. Alizaliwa Kaloleni katika nyumba ya udongo, akasoma sheria kwa ukaidi wa baba aliyeambiwa mtoto wa kike ni wa kuozwa, na kwa miezi mingi sasa alikuwa amekaa Bondeni akimwagilia mirehani, simu hailii, wenzake wa mahakamani wakivuka barabara wakimwona. Sasa hawa wote. Neno moja, na hatangoja tena hukumu ya mtu.

Alipepesa macho, akamwona Everlyne chini, ameshika kichwa.

"Assalaam aleikum," akasema.

Mwembe Tayari ikaitikia mpaka mabasi yakatetemeka.

"Na ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Nzuri kanga hii." Kicheko. "Pua wameipunguza kidogo, nashukuru." Kicheko kikubwa zaidi. "Bwana Arnold, simama hapa nikuulize. Ni ya chama?"

"Ni zawadi, Mheshimiwa!" Arnold akajibu kwa fahari ndani ya kipaza sauti. "Zawadi ya rafiki wa chama."

"Rafiki ana jina?"

"Hapendi kutajwa. Ni mnyenyekevu."

"Tutamtaja kwa unyenyekevu."

"Ni Bwana Kenneth."

Kulikuwa na kimya kifupi, kile cha maziwa kabla hayajafurika jikoni.

"KENNETH WA TINGATINGA?" Everlyne akauliza kutoka chini.

Loo! Zogo lililozuka hapo sina kalamu ya kulieleza. Arnold aligeuka rangi ya unga. "Aliniambia ni mpenzi wa haki!" akalia. "Aliniletea hata halua!" Na nyinyi mucheke, lakini yule kijana hakujua, wallahi.

Jaji akanyoosha mkono. Watu wakatulia, maana mkono ule walikuwa wameuona ukisimamisha chuma.

"Sikizeni. Mimi sijajiuzulu, wala sijiuzulu. Nikiondoka leo, amri yenu inaondoka nami. Kesho nakwenda mbele ya jopo. Wakiniona nilikosea, wanivue joho watu wakiona. Wakiniona sikukosea, narudi mahakamani kuimaliza kesi yenu. Sigombei ugavana. Sigombei kitu."

"Mwoga!" mtu akapiga kelele kutoka juu ya basi.

"Tumepika pilau bure!" akasema mwingine.

Minong'ono ikaanza kuchacha. Jaji akasimama pale pale, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakujua aweke wapi mikono yake.

Ndipo Everlyne akapanda kwenye gurudumu la lori.

"Mwoga ni mama yako aliyekuzaa ukajificha juu ya basi! Huyu jina lake nani? Si Kiti? Basi, Kiti arudi kitini!"

Watu wakacheka. Mmoja akalirudia. Wakalirudia kumi. Kisha lile neno likapata mguu, likapata ngoma:

"Kiti arudi kitini! Kiti arudi kitini!"

"Na mwenye kanga aigeuze!" Everlyne akaendelea, mishipa imemtoka shingoni. "Uso uingie ndani! Hapa hakuna kampeni, hapa kuna wateja wa chai!"

Ungeona, msomaji! Kituo kizima kikawa kinavua na kufunga. Wanawake wakazungushana, wakakingiana, wakavutana mapindo. Makondakta wakageuza macho kwa adabu, wengine bila adabu. Yule mama mnene alichelewa, akasaidiwa na watatu. Na Jaji akaufunua wake kifuani, akaukunja, akaukalia. Mpiga picha wa Bwana Kenneth akahangaisha kamera huku na huku, asipate hata jicho moja la Mejumaa kwenye kanga. Aliloambulia ni Dishon, amesimama juu ya lori na suruali yenye ramani, akitamka polepole mbele ya kamera:

"Mimi ni mlalamikaji dhidi ya Jaji huyu. Nashuhudia kwamba amekataa kugombea. Andika hivyo. Na uzime."

Arnold alikuwa amekaa pembeni mwa lori, miguu inaning'inia.

"Mimi sasa nitampata wapi mgombea?" akauliza. "Wakubwa wote wa mji wana kazi za serikali, na ofisi zitafungwa kabla hawajaamua kujiuzulu."

"Pole, baba," akasema Everlyne. "Mimi sina kazi ya serikali ya kujiuzulia. Nina sufuria."

Alisema kwa mzaha. Watu wakacheka. Kisha mmoja akaacha kucheka, na wa pili, mpaka wote wakawa wanamtazama Everlyne pale kwenye gurudumu, jasho linamtiririka, sauti imemkauka kwa kuongoza Mwembe Tayari nzima.

Arnold akainuka polepole.

"Mama," akasema, "wewe una shahada? Gavana sharti awe nayo."

"Ya ualimu. Nilikosa ajira. Kwani?"

Sikumbuki nani aliyepiga kigelegele cha kwanza. Nakumbuka tu kwamba alipobebwa juu juu, Everlyne alikuwa bado anauliza, "Kwani? Kwani?"

*

Alasiri Jaji Mejumaa aliketi ndani ya kibanda cha chai, akila mbaazi. Mwenye kibanda yuko nje, anashangiliwa, na chai imebidi wateja wajimiminie. Lamis alikuwa amefunga duka akaja. Hata Dishon alikubali kuketi, pembeni, mkao wa mtu aliye ugenini.

"Nilitaka kukubali," Jaji akasema. "Walipoimba. Wajua?"

"Nilikuona," akasema Dishon. "Ndiyo maana nimekuheshimu zaidi. Bado ulikosea lile la boneti."

"Kula mbaazi zako."

Akacheka, na wote wakacheka naye, na ilikuwa miezi mingi tangu kifua chake kiwe chepesi hivyo. Kesho ilionekana ndogo, kitu cha kuruka kama mtaro.

Simu ya Dishon ikalia.

Akasikiliza. "Ndiyo... Leo asubuhi?... Naelewa." Akaiweka mezani. Akaisukuma sahani yake, akasimama.

"Haifai tena nile nawe, Mheshimiwa. Huyo ni karani wa jopo. Kesho nilikuwa nianze mimi kutoa ushahidi. Nimerudishwa nyuma. Amejitokeza mwingine, ameomba asikizwe kwanza."

"Dhidi yangu?"

"Dhidi yako."

"Nani?"

"Siruhusiwi kusema." Lakini Dishon hakuzaliwa na uso wa kuficha jambo. Macho yake yaliteleza, yakatua ng'ambo ya meza.

Lamis alikuwa ameshika hamri iliyomegwa. Hakuitia mdomoni.

"Mwache wakili na sheria zake," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi, shoga."

Jaji akaanza kucheka. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

"Wewe? Uwaambie nini wewe? Kwamba niliandika amri kwenye boneti? Dunia nzima yajua!"

"La boneti sina haja nalo." Lamis akaiweka hamri chini. Akainua macho. "Nilikuwa garini siku ile, nimekaa nyuma. Watu walikutazama wewe na lile tingatinga. Mimi nilimtazama aliyekaa mbele. Aliyeshusha kioo kidogo, akakusomea amri ile neno kwa neno, nawe ukiandika."

Nje, watu walikuwa wakiimba jina la Everlyne. Dishon, aliyekuwa amekwisha kupiga hatua ya kuondoka, akageuka.

Jaji Mejumaa akakiweka kikombe mezani, taratibu, kama kitu kinachoweza kulia.

"Lamis," akasema. "Hilo tuliapa tusilitaje."